04:45 ni Saa Ngapi? Majibu kwa Barua za Wasafiri

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kutoka uwanja huu mpaka uwanja ule ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani. Nilikaa nyuma ya kaunta ya tiketi mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwa miaka 22, na swali hili ndilo nililoulizwa kuliko yote baada ya lile la nauli. Nimechagua barua nne. Ya kwanza niliijibu kwa simu siku ileile iliyonifikia, kwa sababu safari yenyewe isingesubiri gazeti litoke mitamboni. Nairudia hapa kwa ruhusa ya mwenyewe, kwani naamini hayuko peke yake.

*Assalaam alaykum dada. Nakwenda Muscat kwa mdogo wangu anayetarajia kujifungua. Tiketi imeandikwa kuondoka DAR 04:45, kufika MCT 11:05, siku ya Alhamisi. Nimehesabu nikapata saa sita na dakika ishirini. Mwanangu anasema kwenye simu yake ni saa tano na dakika ishirini. Mpwa wangu naye kaangalia kwingine, kaambiwa kilomita 3,970, mwendo wa saa nne na dakika arobaini. Nimwamini nani? Nauliza kwa sababu nina kisukari na nataka nijipange na chakula na dawa. Siku hiyo nitakunywa chai nyumbani, nitoke saa moja na nusu asubuhi, saa mbili na nusu niwe nimeshafika uwanjani. — Msomaji, Tandika*

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Kilomita tutazifikia. Kwanza hiyo chai.

04:45 ya kwenye tiketi si saa nne na dakika arobaini na tano asubuhi. Tiketi za ndege huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, na kati ya hesabu hizo mbili kuna saa sita. 04:45 ni saa kumi na moja kasorobo, karibu na adhana ya alfajiri. Ukifika uwanjani saa mbili na nusu asubuhi kama ulivyopanga, ndege yako itakuwa hewani muda mrefu, imeshaivuka Somalia.

Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na watu hushauriwa wawepo saa tatu kabla. Kwa hiyo uwe uwanjani saa nane kasorobo usiku. Toka Tandika saa saba usiku. Wakati huo Barabara ya Nyerere haina foleni lakini daladala ni za kubahatisha, basi zungumza na dereva wa teksi unayemjua tangu mchana, na mwambie mwanao abaki macho.

Na usiku upi? Hapa napo watu huchanganyikiwa, hasa sisi wa pwani ambao kwetu usiku hutangulia mchana wake. Tiketi inasema Alhamisi, na Alhamisi ya tiketi huanza saa sita ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Jumatano ukishaswali Isha, lala kidogo ukiwa umeshafunga begi. Ukiamka usiku huohuo, ndiyo safari.

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu limewahi kunitokea mikononi mwangu. Ilikuwa enzi za tiketi za karatasi, zile za vijitabu vyenye kaboni nyekundu kwa nyuma, kabla hazijaondolewa duniani kote mwezi Juni 2008. Mzee mmoja alikata tiketi kwangu kwenda Mumbai kutibiwa macho. Ndege ilikuwa 04:05. Siku hiyo foleni ilifika mlangoni; nilibana tiketi kwenye jalada lake, nikamkabidhi, nikamwita wa nyuma yake. Alipofika uwanjani saa mbili asubuhi na wajukuu wawili waliovaa nguo za sikukuu, ndege ilishaondoka. Alikuja ofisini kutoka hukohuko. Akafungua leso, akaitoa tiketi, akaikunjua juu ya kaunta polepole, kidole gumba kikiwa chekundu kwa kaboni. Akaweka kidole kwenye 04:05 akaniuliza, “Mwanangu, hapa pameandikwa nini?”

Kuibadilisha kulimgharimu fedha ambazo hakuwa nazo, na ofisi ile haikumrudishia hata senti. Mimi sikumwambia neno wakati wa kumkabidhi, na kosa hilo ni langu. Tangu siku ile sikutoa tiketi bila kuandika kwa kalamu juu ya jalada: saa ya Kiswahili, usiku wa kuamkia siku gani, na saa ya kutoka nyumbani. Wewe nawe chukua kalamu uandike hivyohivyo kwenye karatasi yako.

Sasa hesabu zenu tatu. Wote mko sahihi, ila kila mmoja anapima kitu chake.

Mpwa wako amepima anga. Kilomita 3,970 ni mstari mfupi kuliko yote kati ya Uwanja wa Julius Nyerere na uwanja wa Muscat. Akitaka kuuona, akatafute tufe la dunia shuleni, avute uzi kati ya miji hiyo miwili ukaze. Utapita baharini mbele ya pwani ya Kenya, uingie juu ya Somalia, utoke karibu na Bosaso, uvuke Ghuba ya Aden, upite karibu na mashariki ya Yemen, uingie Oman kwa upande wa Salalah. Kilomita hizo ukizigawa kwa mwendo wa ndege kubwa, tuseme 850 kwa saa, unapata saa nne na dakika arobaini. Ila hakuna ndege inayoruka kwa mwendo huo tangu inapoacha ardhi. Hupanda taratibu, hushuka taratibu, hufuata njia ilizopangiwa na waongoza ndege, na ikikaribia Muscat husubiri zamu yake ya kutua.

Mwanao amepima muda wa ratiba, ambao ndio wa kutumia. Unaanza ndege inaposogezwa kutoka maegeshoni na unaisha inaposimama maegeshoni kule. Ndani yake mna ule mwendo wa kujikokota kwenda kwenye njia ya kurukia, na kukaa nyuma ya ndege nyingine zinazongoja. Saa tano na dakika ishirini ndizo utakazokaa kitini umefunga mkanda, dakika chache juu au chini.

Wewe umepima saa za ukutani, na humo umeingia mgeni: Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika, ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya Muscat. Utakapofika 11:05, yaani saa tano na dakika tano asubuhi ya kwao, saa ya jikoni kwako Tandika itasoma saa nne na dakika tano. Toa saa moja kwenye sita na dakika ishirini, unapata jibu la mwanao. Wakati wa kurudi unajumlisha badala ya kutoa. Ukiona tiketi inasema kutoka Muscat 23:30 kufika Dar 03:50, usifurahi kwamba upepo umekusukuma ukafika kwa saa nne na dakika ishirini. Ni zilezile tano na ishirini.

Kuhusu sukari, hesabu ya saa tano haitoshi. Anzia utakapokula kwa mara ya mwisho nyumbani: saa saba usiku unatoka, saa kumi na moja kasorobo unaondoka, chakula cha ndege huja wakati wanaoujua wao, na ukishuka kuna foleni ya pasipoti na mizigo. Tangu mlango wa nyumbani mpaka mlango wa mdogo wako hesabu saa kumi au kumi na moja. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye begi la chini hata kidogo, pamoja na barua ya daktari na kitu cha kutafuna. Nenda kliniki wiki moja kabla, waambie saa hizi nilizokuandikia, wakupangie wao wakati wa kila dozi.

Uliniuliza pia kwenye simu kuhusu jirani yako aliyepitia Doha akatumia karibu siku nzima. Dar mpaka Doha ni kama kilomita 3,820, na Doha mpaka Muscat 700. Kwa hiyo alizidisha kilomita 550 tu, hata saa moja ya kuruka hazifiki. Muda wake uliliwa kitako uwanjani, akingoja ndege ya pili. Tiketi ya kuunganisha ukiletewa kwa bei ya chini, usiangalie kilomita, angalia saa za kungoja.

Nikwambie na hili, kwa kuwa ni la nyumbani. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi, akienda Oman na kusi na kurudi na kaskazi. Wao walihesabu kwa wiki, na kama pepo zilikwisha geuka, walihesabu kwa miezi, maana walikaa hukohuko wakingoja. Njia yake na njia yako ni moja, pwani ileile. Ukipata kiti cha dirishani upande wa kulia, kukipambazuka angalia chini.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Mwanza. Nina maswali mawili. Likizo ya kwanza nilipanda ndege Dar–Mwanza ikachukua saa moja na dakika 25. Likizo ya pili ikachukua saa moja na dakika 50, na hakukuwa na mvua. Kwa nini, wakati viwanja havijahama? La pili, dunia inazunguka. Kwa nini ndege isipae juu ikasimama, ikangoja Mwanza ije yenyewe? Wenzangu wamenicheka. — Msomaji, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Hao wenzako waulize wakupe jibu, uone kama watalipata.

Viwanja havijahama, ila ndege zilikuwa mbili tofauti. Dar mpaka Mwanza kwa anga ni kama kilomita 850. (Kwa basi kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya 1,100, maana barabara hutafuta miji na madaraja.) Safari ya kwanza nadhani ulipanda ya jeti, kama Airbus A220, ambayo hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Ya pili ilikuwa ya mapangaboi, ile watu wanayoiita Bombadia, ambayo mwendo wake ni kama 650. Gawa mwenyewe kilomita 850 kwa kila mwendo, uongeze dakika 20 au 25 za kuondoka na kutua, uone unavyokaribia zile dakika zako. Safari nyingine ukikata tiketi uliza aina ya ndege. Mara nyingi imeandikwa kwenye tiketi, kwa herufi ndogo, karibu na namba ya safari.

Kuna na upepo. Ndege hutua ikiwa imeukabili upepo, ili iguse ardhi kwa mwendo mdogo. Upepo ukigeuka, rubani analazimika kuja kwa upande wa pili wa njia ya kutulia, na ndipo mnapoona ziwa limepita dirishani, mji umepita, ziwa tena. Dakika kumi huenda hapo bila mtu kukosea lolote.

Swali lako la pili nililipenda. Karibu na Ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, kwa hiyo wazo lako lina mantiki: Mwanza iko magharibi ya Dar, ingetufuata. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege ikiwa imesimama maegeshoni tayari imeshabeba mwendo huohuo. Panda treni ya SGR kwenda Dodoma. Ikiwa inakwenda kilomita 160 kwa saa, simama katikati ya behewa uruke juu. Utatua palepale ulipokuwa. Behewa halikukuacha, kwa sababu uliruka ukiwa tayari na mwendo wake. Ndege na dunia ni hivyohivyo.

Kinachosaidia au kuchelewesha kweli ni upepo wa juu sana. Kati ya Marekani na Ulaya, kwenye kilomita kumi hivi kwenda juu, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. New York kwenda London ndege husukumwa na mkondo huo, London kwenda New York hupigana nao, na tofauti inaweza kufika saa moja, kilomita zikiwa zilezile 5,540. Waambie na hilo.

*Habari yako mama. Mwezi wa pili nilisafiri Nairobi–London. Sasa namtumia mzazi tiketi ya mwezi wa saba, ndege ileile, inatoka saa ileile, lakini inafika saa moja baadaye. Wamebadilisha njia ama ni nini? — Msomaji, Umoja, Nairobi*

Njema, ndugu yangu. Njia haikubadilika, Waingereza ndio wamesogeza saa zao. Jumapili ya mwisho ya Machi huzipeleka mbele saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Kenya na sisi hatugusi zetu. Kwa hiyo wakati wa baridi Nairobi iko mbele ya London kwa saa tatu, wakati wa joto kwa mbili. Ndege ya mwendo wa saa tisa inayoondoka Nairobi 09:00 itafika 15:00 mwezi wa pili, na 16:00 mwezi wa saba. Mzazi atakaa kitini muda uleule uliokaa wewe. Anayekwenda kumpokea Heathrow asome saa ya tiketi kama ilivyo, asijumlishe wala kutoa.

Ila kama una tiketi ya zamani, ya kabla ya Aprili 2023, ukailinganisha na ya leo, hapo unaweza kuona tofauti ya kweli. Nairobi mpaka London ni kama kilomita 6,840 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unapita juu ya Sudan. Vita vilipoanza kule Aprili 2023 anga lake lilifungwa, na ndege za njia hii zikalazimika kuizunguka nchi nzima. Kilomita zinazooneshwa kwenye simu ni zilezile. Zinazorukwa ndizo zilizoongezeka.

*Shikamoo bibi. Mimi huja Kariakoo kila wiki mbili kuchukua vitenge na viatu vya watoto. Mpwa wangu ananicheka kwa kupanda boti karibu saa mbili wakati ndege ni dakika ishirini. Nakaa Mwanakwerekwe. Nifuate ushauri wake? — Msomaji, Unguja*

Marahaba mwanangu. Mpwa wako kaisoma ratiba, hajaibeba mizigo.

Kati ya Uwanja wa Abeid Amani Karume na ule wa Julius Nyerere ni kilomita 73 tu. Hata ndege ndogo ya injini moja inazimaliza kwa dakika ishirini. Nimepanda mara nyingi: hujamaliza kuangalia kisiwa, tayari unaiona Dar. Lakini anza kuhesabu tangu unapofunga mlango wako. Uwanja wa Unguja uko karibu nawe, hilo ni kweli. Uwe pale saa moja kabla. Panda, shuka, ngoja begi, toka nje. Hapo uko kwenye uwanja wa Dar, na Kariakoo iko kilomita kama kumi mbele yako, kwenye Barabara ya Nyerere, asubuhi, kila mtu anaelekea mjini. Kilomita hizo kumi nimeona zikichukua muda mrefu kuliko zile 73.

Boti inakuteremsha katikati ya mji. Kutoka bandarini mpaka Kariakoo ni kilomita mbili hivi, unapanda bajaji na umefika. Ukijumlisha yote, asubuhi ya kawaida mnatoka sare, au boti inatangulia. Wakati wa kurudi hakuna hata mashindano: ndege ndogo nyingi hukuruhusu kilo 15 tu, nazo hupima kila kilo, na robota moja la vitenge limeshapita hapo.

Ndege ina siku zake. Ukiwa unaunganisha na safari nyingine pale pale Julius Nyerere, panda ndege bila kufikiria mara mbili, usijitese kutoka bandarini kukimbilia uwanjani. Na kusi ikikaza, Juni mpaka Agosti, mkondo unachafuka, kuna watu tumbo haliwezi. Kama wewe ni wa hao, nenda kwa ndege siku ya kununua, mzigo uupeleke kwa boti. Kama unaweza kuvumilia, panda boti ya kwanza ya asubuhi, bahari ingali shwari, ukae ghorofa ya chini, upande wa nyuma, katikati. Mbele ndiko kunakoruka.